Nyumba ya Nafuu ni Nafuu kwa Nani?

Mama mpendwa, kama wewe au mume wako ameajiriwa hapa Kenya, bila shaka umeiona katika hati ya mshahara ile asilimia 1.5 inayokatwa kila mwezi kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Anayelipwa shilingi 30,000 hukatwa 450, na mwajiri wake hutoa 450 nyingine. Kwa mwaka mmoja makato ya mfanyakazi huyo hufika shilingi 5,400. Mama anayeshika bajeti ya nyumba anajua thamani ya fedha hizo: ni sare ya shule na viatu, au ni unga wa miezi kadhaa.

Mwezi huu twataka kuzungumza juu ya fedha hizo na kazi yake. Hatuna nia ya kuingia katika ugomvi wa vyama vya siasa. Twataka kuuliza jambo ambalo kila mama hulifikiri anapoepua sufuria: chakula kimeiva, je, nani apakuliwe kwanza? Katika nyumba yenye malezi mema, mtoto mdogo na mgonjwa hupakuliwa kabla ya wenye nguvu. Twaamini kwamba mpango wa serikali wa nyumba nao yafaa upimwe kwa kipimo hicho hicho.

AHADI NA SHERIA

Kupata makao si hisani. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 43, yatambua haki ya kila mtu kuwa na makao yanayofaa na mazingira safi. Lakini haki iliyoandikwa tu haiezeki paa. Kwa miaka mingi serikali yenyewe imekuwa ikikadiria kwamba nchi yahitaji nyumba mpya kama 250,000 kila mwaka, na zinazojengwa ni kama 50,000, nyingi zikiwa za wenye uwezo. Mwaka 2017 tuliahidiwa nyumba 500,000 za bei nafuu kufikia 2022. Mwaka huo ulifika, lakini nyumba hizo hazikufika.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha ushuru wa nyumba ndani ya Sheria ya Fedha. Mnamo Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ilisema ushuru huo ulikwenda kinyume cha Katiba, kwa kuwa ulitozwa walioajiriwa peke yao bila sababu ya kutosha. Serikali ikarudi Bungeni, na mnamo Machi 2024 ikapatikana Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, inayowahusu pia wenye mapato yasiyo ya mshahara.

Sheria hiyo yagawa watu katika mafungu. Mwenye mapato yasiyofika shilingi 20,000 kwa mwezi amewekewa nyumba za kijamii. Wa kuanzia 20,000 hadi 149,000 ndio wa nyumba za bei nafuu zenyewe. Hata anayepata zaidi ya 149,000 ana fungu lake, la watu wa tabaka la kati. Sasa hebu turudi kwenye sufuria yetu. Wote watatu wameketi mezani. Ni nani atakayetangulia?

HESABU YA MAMA MMOJA

Tumchukue mama anayefua nguo za watu. Tuseme apata shilingi 500 kwa siku, na kazi ni siku tano kwa juma. Akibahatika, mwisho wa mwezi ana shilingi 10,000. Humo atoe kodi ya chumba cha mabati, maji ya mtungi, makaa, chakula, na karo. Mtoto akiugua, mama hakai kitandani naye ila amekosa mapato ya siku hiyo.

Sheria ya 2024 ilipoanza, ilimtaka mnunuzi aweke amana ya asilimia 10 ya bei ya nyumba. Tuseme nyumba ni ya shilingi milioni moja. Amana ni shilingi 100,000. Kwa mama huyu ni mapato yake yote ya miezi kumi, bila kula na bila kulipa kodi. Nyumba hiyo yaitwa ya nafuu, na ni kweli ni nafuu kwa mwalimu au karani mwenye mshahara wa kila mwezi na chama cha kuweka akiba. Lakini kwa mama huyu bado iko juu ya mti, na hana ngazi.

Hatusemi mwalimu asipate nyumba. Anayo haki, tena amekatwa fedha zake. Tunasema kwamba mpango ukimwacha mwenye kidogo asubiri mpaka wenye zaidi washibe, atakuta sufuria tupu.

TULIYOYAONA KIBERA

Haya si mambo ya kubuni. Mwaka 2009 familia za Soweto Mashariki huko Kibera zilianza kuhamishiwa nyumba za muda karibu na Lang'ata, ili vibanda vyao vivunjwe na nyumba za ghorofa zijengwe. Ilichukua mpaka 2016 nyumba 822 zikabidhiwe. Ni miaka saba. Mtoto aliyehama akiwa darasa la kwanza alikuwa amefika darasa la nane.

Aidha, baadhi ya waliopewa nafasi walipangisha vyumba au kuviuza kwa wenye mapato makubwa zaidi, wao wakarudi vibandani. Watu wengi waliwalaumu kwa kukosa shukrani. Sisi tunawaelewa. Mtu mwenye njaa akipewa sufuria nzuri asiyoweza kuijaza, ataiuza anunue unga. Nyumba ina malipo yake ya kila mwezi, ina umeme na maji, na iko mbali na wateja wa mboga zake. Sheria ya sasa inamkataza mnunuzi kuuza bila idhini ya bodi, na hilo ni jema. Lakini katazo halimpi mtu kipato. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

KWANZA TUSIBOMOE

Jambo la pili ni zito zaidi. Wakati serikali inajenga kwa mkono mmoja, mara nyingi imebomoa kwa mkono mwingine.

Mnamo Novemba 2011 kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson jijini Nairobi, kilibomolewa. Wakazi walikuwa wamepewa notisi ya siku saba, na kesi yao ilikuwa tayari mahakamani. Maelfu ya watu waliachwa nje, watoto wakiwemo. Mwaka 2013 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliwapa haki wakazi hao. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ikaupindua uamuzi huo. Na Januari 2021 Mahakama ya Juu ikatoa neno la mwisho kuhusu sheria yenyewe. Ilisema kwamba watu wasio na ardhi wakikaa katika ardhi ya umma na kuifanya makao, hawapati hati ya kumiliki ardhi hiyo, lakini wanayo haki ya makao ambayo mahakama yaweza kuilinda. Hata ikilazimu watoke, mahakama ina uwezo wa kuamuru walipwe fidia au wapewe mahali pengine.

Kadhalika, tangu 2016 Sheria ya Ardhi inataka notisi ya maandishi ya angalau miezi mitatu kabla ya kuwaondoa watu wanaokaa bila idhini, na inataka utu wao uheshimiwe, hasa wanawake, watoto, wazee na walemavu. Hata hivyo, mafuriko yalipoipiga Nairobi mnamo Aprili na Mei 2024, waliokaa kandokando ya mito, Mathare na kwingineko, waliamriwa kuondoka mara moja, na matingatinga yakafuata. Ni kweli ukingo wa mto wenye mafuriko si mahali pa kulaza mtoto, na serikali ilikuwa na wajibu wa kuokoa maisha. Rais aliahidi shilingi 10,000 kwa kila familia iliyohamishwa. Lakini fedha hizo zamfikisha mtu wapi? Labda kodi ya mwezi mmoja au miwili katika kibanda kingine, nayo godoro, vyombo na vitabu vya shule vimekwenda na maji.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Familia inayofukuzwa bila pa kwenda ni ufa. Mama huenda kwa dada yake, baba kwa rafiki, watoto shambani kwa nyanya yao. Wengine hukosa hata jamaa. Hesabu ya familia za mitaani iliyofanywa nchini mwaka 2018 ilipata watu 46,639, zaidi ya 15,000 kati yao wakiwa Nairobi. Tunapowaona wamelala mbele ya maduka, tusidhani walizaliwa hapo. Wengi walikuwa na mlango wa kufunga usiku kama sisi. Umaskini, kifo cha mzazi, kipigo nyumbani au kufukuzwa viliwatoa. Na kumrudisha mtu aliyekwisha zoea barabara ni kazi kubwa kuliko kumsaidia asikose kodi ya mwezi huu.

NJIA ZIPO

Tusikate tamaa, kwa maana mifano mizuri ipo. Huko Kambi Moto, Huruma, wanachama wa Muungano wa Wanavijiji walianza mwaka 2003 kujenga nyumba mahali pale pale vilipokuwa vibanda vyao, kwa akiba zao na mikopo midogo, baada ya kukubaliana na baraza la jiji juu ya ardhi. Wanawake kwa wanaume walishika kazi ya ujenzi. Viwanja ni vidogo sana, kwa hiyo nyumba zilipanda juu: chini kwanza, na ghorofa baadaye fedha zikipatikana. Hakuna aliyepelekwa mbali na kazi yake wala na shule ya watoto wake.

Huko Mukuru, mwaka 2017 serikali ya kaunti ilitangaza mtaa huo kuwa eneo maalumu la mipango, na wakazi wakaketi na wataalamu kupanga barabara, maji na vyoo. Barabara zilianza kutengenezwa na maji kuvutwa kwa mabomba. Tena hilo ni jambo kubwa, maana maskini wa mitaa ya mabanda wamekuwa wakinunua maji ya mtungi kwa bei kubwa mara kadhaa kuliko mwenye bomba katika mtaa wa matajiri. Na mnamo Mei 2025 nyumba za kwanza, zaidi ya 1,000, kati ya nyumba 13,248 zilizopangwa Mukuru zilikabidhiwa. Twafurahi pamoja na waliopata funguo. Tutafurahi zaidi tukisikia, miaka mitano baadaye, kwamba ni wale wale bado wanakaa humo.

TUFANYE NINI SISI AKINA MAMA?

Kwanza, tujue haki zetu. Kama unapanga nyumba ya kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kuna sheria ya kudhibiti kodi inayokulinda. Mwenye nyumba hawezi kukufungia kufuli tu kwa hasira, bali lazima apate amri. Kiwango hicho cha 2,500 ni cha zamani, na siku hizi chumba kimoja mjini mara nyingi chapita hapo. Wabunge wetu waulizwe kwa nini hakijapandishwa.

Pili, familia ikijiandikisha kununua nyumba, mke na mume waulize mapema jinsi ya kuweka majina yao wote wawili. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inakataza nyumba ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila idhini ya mwenzi mwingine. Usione haya kumwambia mumeo jambo hilo. Si kumshuku, ni kuwalinda watoto wenu wote wawili.

Tatu, tuhudhurie mikutano ya maoni ya umma katika kaunti. Mikutano hiyo hujaa wanaume, nao hawajui bei ya mtungi wa maji kama sisi tunavyoijua. Tuulize maswali matatu: Ni nyumba ngapi za wenye mapato yasiyofika 20,000? Waliokuwa wakikaa hapa watakwenda wapi wakati wa ujenzi, na watarudi lini? Asiye na amana atasaidiwaje?

Nne, katika vikundi vyetu vya akina mama, iwe ni chama au kikundi cha kanisani, tuweke mfuko mdogo wa kodi. Mwenzetu akifiwa au akipoteza kazi, tumshike mkono mwezi mmoja au miwili. Shilingi 3,000 zikitolewa kwa wakati zaweza kuifanya familia nzima isilale nje. Lakini mfuko wetu usiwe kisingizio cha serikali kukaa kando. Sisi twaweza kumwokoa jirani mmoja. Kuhesabu fungu la nchi nzima ni kazi ya waliochukua ile asilimia 1.5.

Basi utakapoiona tena hati ya mshahara mwisho wa mwezi, usiguse tu kichwa na kulalamika. Uliza ni nani aliyepakuliwa kwanza, na ukiambiwa ni wenye nguvu, endelea kuuliza.