Jedwali la Majibu Si Urembo

Mjamzito anayepewa rufaa kutoka Kilindoni huvuka bahari kwa boti hadi Nyamisati, kisha hushika barabara ya Dar es Salaam. Mkononi ana karatasi ya majibu ya maabara. Daktari atakayempokea hakuwapo damu ilipotolewa. Atategemea jedwali lililomo katika karatasi hiyo.

Kiwango cha CDA cha shirika la HL7, kitumikacho kubadilishana nyaraka za tiba, huandika majibu kwa XML: kipimo, namba na kizio. Kanuni za XSLT ndizo huyageuza kuwa jedwali la HTML la kusomwa na kuchapwa. Hatua hiyo ya mwisho hudhaniwa kuwa urembo, ikaachiwa yeyote mwenye nafasi.

Itazamwe safu ya himoglobini, gramu kwa desilita: 10.2 hudhurio la kwanza, 6.8 leo. Namba zikiegemea kushoto, kama HTML ifanyavyo isipoagizwa vingine, 6 hukaa chini ya 1, na jicho lililochoka huona damu iliyoongezeka. Zikiegemea kulia, 6 hukaa chini ya 0, nukta chini ya nukta, na kushuka kunaonekana. Kwa mjamzito, Shirika la Afya Duniani huhesabu chini ya 7 kuwa upungufu mkali wa damu.

Tiba yake ni nyepesi. XSLT iipe kila seli ya namba jina moja, na CSS iamuru mara moja kwamba seli zenye jina hilo zielekee kulia.

Wapo wanaopitiliza. Ili nukta zilingane, huikabidhi namba kwa amri ya format-number, nayo huikadiria: 6.96 ikachapwa 7.0, na mgonjwa akavushwa mpaka na mtu asiyewahi kumwona. Seli tupu nayo hutoka NaN, neno lisilomfaa muuguzi wala mgonjwa. Jedwali halijui kama kipimo hakikufanyika au majibu hayajarudi. Maabara inajua, nayo ndiyo iandike. Idadi ya desimali vilevile iamuliwe huko.

Ama rangi nyekundu ya kuonya, hiyo ni ya kioo cha kompyuta. Printa ya wino mweusi huifanya kijivu. Neno “chini” kando ya 6.8 litavuka salama hadi Nyamisati.