Msichome CD za Banda Umiza

Kaka yangu aliwahi kuwa na banda la video Ngerengere. Mabenchi, turubai, televisheni ya chogo, na pembeni PlayStation 2 mbili ambazo watoto walilipia kwa mechi. Banda lilishakufa. Juzi, akisafisha stoo, akanionyesha boksi la CD kama mia hivi.

"Dogo, hizi nazichoma moto. Hazisomi, halafu zenyewe za kuchoma tu, si orijino."

Nilibishana naye mpaka chai ikapoa. Sasa naomba nibishane na ninyi wapenzi wa fasihi, maana mnasema yale yale, ila kwa lugha ya heshima.

Tuanze na hiyo "si orijino". CD ya gemu iliyotoka kiwandani ina vishimo vilivyogandamizwa kwenye plastiki na kufunikwa kwa alumini. Haifi kirahisi. Na hata ikifa, PS2 ziliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Wako watu Japani, Marekani na Ulaya wanaozihifadhi gemu zake kwa wivu. Dunia haingoji Ngerengere iokoe gemu la mpira.

Lakini chini ya gemu, boksi lile lina filamu za kutafsiriwa. Wa umri wangu mnamkumbuka Kapteni Mukandala, maarufu kama Lufufu. Filamu ya kigeni ikipita mdomoni mwake iligeuka kitu kingine: mtu mmoja, sauti za wahusika wote, anafafanua, anatania, anatuonya kabla jambazi hajatokea. Darasani tunafundisha kwamba mtambaji ni msanii na kila utendaji ni wa pekee. Mbona mtambaji akishika maikrofoni tunamwita mwizi? Hakimiliki ya picha si yake, nakubali. Na ile sauti je, ni ya nani?

Hapo ndipo penye uchungu. Kile kilicho chetu peke yetu tulikiandika kwenye kitu dhaifu kuliko vyote. CD ya kuchoma haina vishimo. Ina tabaka la rangi ya kikemikali ambalo leza huliunguza alama. Jua, joto na unyevu huichuja rangi hiyo kama kitenge kilichosahaulika kambani, na stoo ya bati Ngerengere ina joto la kutosha. Tena upande wa juu wa CD umelindwa na vanishi nyembamba tu. Ukiandika kwa kalamu ngumu au ukibandua stika, unang'oa data yenyewe. DVD ina nafuu kidogo, kwa kuwa tabaka lake limekaa katikati ya plastiki mbili.

Eti dawa ya meno! Jamani, kolgeti inaweza kusawazisha mkwaruzo mdogo wa upande wa chini, basi. Rangi iliyochuja hairudi. Na mara nyingi mgonjwa si CD, ni deki: jicho la leza limechoka au limejaa vumbi. Tulizijaribu chache za kaka kwenye kompyuta, na zaidi ya nusu zikafunguka. Akanyamaza.

Mwenye boksi kama hili afanye hivi. Futa kwa kitambaa laini cha pamba, kutoka katikati kwenda ukingoni. Usizungushe, maana mkwaruzo unaofuata duara hukata data mfululizo, wakati ule wa kukatiza deki huweza kuurekebisha. Isiposoma, jaribu kompyuta nyingine. Nakili diski nzima kama ilivyo, usiburute faili moja moja: DVD iwe ISO, VCD na gemu za PlayStation ya kwanza ziwe BIN na CUE. CD hubeba kama MB 700, DVD ya kawaida GB 4.7, hivyo boksi zima linaingia kwenye hadi diski moja ya nje. Weka nakala mbili, nyumba mbili tofauti. Kisha andika jina la filamu na la mtafsiri, maana faili lisilo na jina ni yatima.

Najua kuna atakayesema, "Si zipo YouTube?" Baadhi zipo. Zipo kwa hisani ya mwenye nyumba, na mwenye picha akilalamika kesho hazipo. Kitu kilichohifadhiwa kwa mwenzio hujakihifadhi.

Tunalia, na ni haki tulie, juu ya miswada ya kale inayoliwa na mchwa. Lakini wale mchwa hatukuwafuga sisi. Hizi CD tulizitazama wenyewe, tukacheka nazo, na sasa tunaona haya kuziita fasihi mpaka zimalizike.

Kaka amekubali kuahirisha moto. Sharti lake ni kwamba nilitoe boksi stoo kabla ya masika. Treni ya SGR inasimama Ngerengere siku hizi, kwa hiyo sina kisingizio. Na wewe mwenye boksi uvunguni, chako ni kipi?