Mwenye nyumba ndiye aanzishe sala

Kiangazi, mavuno yakiwa yameshaingia ghalani na vyuo vimefungwa, ndiyo majira ya misheni. Vijana wa Kikristo hufika Mpanda, mkoani Katavi, kwa treni ya Kaliua au kwa basi. Jioni kuna mkutano wa injili uwanjani, na mchana wanagawanywa wawili wawili au wanne wanne kwenda nyumba kwa nyumba, kuanzia Makanyagio, Nsemulwa na Kawajense hadi vijiji vya halmashauri za Nsimbo na Tanganyika. Utaratibu unajulikana: hodi, salamu, neno fupi, kisha swali, “Tukuombee nini?” Mikono inanyooshwa, sauti zinapaa, jina linaandikwa daftarini kwenye safu ya walioombewa, na kundi linabisha hodi kwa jirani. Sitetei jambo hili liachwe. Ninachotetea ni kwamba sala inayofanyika ndani ya nyumba ya mtu inapaswa kuanzia kwa mwenye nyumba mwenyewe, kwa hiari yake na kwa kiasi anachotaka, na mgeni asiifanye kazi ya kuhesabiwa.

Tuanze na hiari, maana hapo ndipo tunapojidanganya zaidi. Waandaaji wengi watakwambia kwamba karibu kila nyumba inakubali kuombewa. Ni kweli, lakini kukubali huko kunatuambia kidogo sana. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema, na kwa malezi hayo hakuna mama atakayewakatalia vijana wanne waliovaa fulana za rangi moja, wakiwa wamekwisha kalia viti vyote alivyonavyo. Atajifunga kanga vizuri, atainamisha kichwa, ataitikia amina, hata kama moyoni anangoja waondoke akageuze ugali. Hiyo ni heshima kwa mgeni, wala si lazima iwe imani au ridhaa. Katavi ya leo inaongeza uzito wa jambo hili. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 564,604 mkoani. Ile ya 2022 ilivuka milioni 1.15. Wafugaji, wakulima na wachimbaji wamehamia kutoka kila upande, wakaungana na Wabende, Wapimbwe, Wakonongo na Wafipa, pamoja na familia zenye asili ya Burundi zilizopokewa Katumba tangu 1972 na Mishamo tangu 1978. Nyumba moja inaweza kuwa na baba Mwislamu, mama Mkatoliki na mpangaji Mpentekoste. Mgeni anayeanza kuomba kwa sauti kabla ya kujua yuko kwa nani anaweza kuiachia nyumba hiyo ugomvi ambao yeye hatakuwepo kuuamua.

Kisha kuna swali lenyewe, “Tukuombee nini?” Huulizwa sebuleni au chini ya mwembe, mume akiwepo, mkwe akiwa jikoni, watoto wamejazana mlangoni na jirani amesogea kusikiliza. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 uliitaja Katavi kuwa ya kwanza nchini kwa mimba za utotoni: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamezaa au wana mimba. Msichana wa namna hiyo atajibu nini mbele ya baba yake? Ama atadanganya, ama atasema ukweli utakaomgharimu. Hali ni hiyo hiyo kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI na kwa mwanamke anayepigwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Ni ajabu daftari la misheni lizibebe kutoka nyumba hadi nyumba kama orodha ya michango ya harusi. Baya zaidi ni pale mwombaji anapotangaza kuwa tatizo la familia limetoka kwa “mtu wa karibu”. Katika nchi ambayo wazee, hasa wanawake, wameuawa kwa tuhuma za uchawi, maneno hayo ni hatari. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa tangu 1928, inamhesabu anayemtuhumu mwenzake kuwa mchawi kuwa mkosaji, na kufumba macho wakati wa kutuhumu hakumwondolei kosa.

Yupo atakayejibu kwamba agizo la kuhubiri halingoji ruhusa ya mtu. Lakini Maandiko yenyewe yana adabu kuliko wengi wanaoyabeba. Katika Luka sura ya 10, wale sabini wanapotumwa wawili wawili wanaagizwa kwanza kuitakia nyumba amani, wale wanachopewa, wakae katika nyumba hiyo, na wasiwe watu wa kuhamahama nyumba hadi nyumba. Waraka wa Yakobo unamwachia mgonjwa mwenyewe kuwaita wazee wa kanisa. Na kipofu wa Yeriko, ambaye shida yake kila mtu aliiona, bado aliulizwa na Yesu anataka afanyiwe nini. Huwezi kulitumia agizo la kwenda ukaliacha agizo la namna ya kwenda.

Historia ya Katavi inasema vivyo hivyo. Wamisionari Wakatoliki wa shirika la Mapadre Weupe waliingia Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Miaka minne baadaye akafika Adrian Atiman, mzaliwa wa pande za Timbuktu aliyetekwa akauzwa utumwani, akakombolewa na mapadre hao, kisha akasomea udaktari Malta. Alikuwa katekista na tabibu, akaoa huko Karema, akatibu watu hadi alipofariki mwaka 1956. Mtu aliyekaa miaka 67 hahitaji kumuuliza mgonjwa shida yake mbele ya umati, kwa sababu anaijua nyumba, anajua nani aliye na neno na nani, na kesho atapita tena. Mwanafunzi wa chuo mwenye wiki moja ya likizo hawezi kuwa Atiman, na hakuna anayemdai hivyo. Lakini anaweza kutembea nyuma ya anayebaki. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizifanya jumuiya ndogondogo kuwa kipaumbele mwaka 1976 kwa kutambua kwamba Kanisa linaishi mtaani, kwa majirani wanaojuana. Makanisa mengine nayo yana vikundi vya maombi vya nyumbani. Hao ndio waongoze, wageni wawasindikize.

Lipo pingamizi zito zaidi: kwamba tahadhari hizi zitapunguza moto wa imani, na kwamba Mungu anaponya papo hapo. Anayeamini hivyo aamini. Ila akumbuke mwaka 2011, kijijini Samunge, Loliondo, maelfu walipofuata kikombe cha dawa cha Mchungaji Ambilikile Masapila, na baadhi yao wakaacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI wakiamini wamekwisha pona. Mwombaji anayependa watu atasema wazi, “Endelea na dawa zako,” na sala yake haitapungua nguvu kwa kusema hivyo. Upande wa pili wapo wanaotaka ziara hizi zipigwe marufuku. Nao siungani nao. Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa kutangaza dini, kama vile Ibara ya 16 inavyolinda faragha ya mtu, familia yake na makazi yake. Isitoshe, wapo wajane na wagonjwa wengi ambao kutembelewa na kuombewa ni faraja wanayoingoja kwa hamu. Kuwanyima hiyo ni kuwaamulia, kosa lile lile la kuwaombea bila kuwauliza.

Makanisa yanayoandaa misheni Mpanda yanaweza kuanza na mambo machache. Mwenyeji wa mtaa ndiye abishe hodi. Wageni wasalimie, wasikilize, na kama kuna kazi mkononi wasaidie. Sala isubiri mwenye nyumba aitake, na wageni wawe tayari kuondoka bila kuomba, bila kinyongo. Penye siri, azungumze mtu mmoja na mtu mmoja, mama kwa mama, na pasiandikwe wala kupigwa picha. Ripoti inayosomwa kwenye ibada ya kufunga misheni iache kuhesabu walioombewa, ieleze ni nyumba ngapi zitakazotembelewa tena mwezi ujao, na nani atakwenda.