Pipa la Sumu Halioshwi Likawa Beseni

Baridi imeshaingia huku Nyanda za Juu. Njombe na Makete asubuhi watu wanatoa moshi mdomoni, na kila nyumba inachemsha maji ya kuoga. Sina ugomvi na maji ya moto, mimi mwenyewe siwezi kuamka bila hayo. Ugomvi wangu ni chombo mnachoogea, na leo simpaki mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Juzi nilipita gulioni nikakuta mapipa ya bluu yamekatwa nusu, yamepangwa pamoja na ndoo na mabeseni. Muuzaji ananadi: "Beseni la familia! Unaingia mzima mzima, maji yanakufika shingoni!" Nikainamisha moja. Lebo ilikuwa imekwanguliwa, lakini kilibaki kipande cha mkanda wa njano. Nikamuuliza lilikuwa na nini. Akajibu, "Dawa tu bwana shamba, nimeliosha na sabuni ya unga."

Dawa tu! Neno hili ndilo linalotumaliza. Panadol ni dawa. Kilichokuwa kwenye pipa lile ni sumu ya kuua wadudu au magugu, na ule mkanda umewekwa makusudi ili hata asiyejua kusoma ajihadhari. Mwekundu ndio mkali kuliko yote, wa njano unafuata. Aliyekwangua lebo hakuwa anasafisha pipa. Alikuwa anakuficha wewe mnunuzi.

Najua utaniambia harufu imekwisha. Harufu kuisha si sumu kuisha. Viuatilifu vingi vya maji tunavyotumia vimetengenezwa na mafuta, ndiyo maana ukivichanganya maji yanageuka meupe kama maziwa. Mafuta hayo huingia ndani ya plastiki yenyewe. Unasugua juu, yeye yuko ndani. Halafu unamwaga maji ya moto, na moto ndio unaomtoa. Na wewe umekaa humo, ngozi imelainika na damu inakimbia karibu na ngozi, hali ambayo sumu hupenya upesi zaidi. Ndiyo sababu tunawakataza kupulizia jua likiwa kali huku mnatoka jasho. Mtu anayekataa kupulizia bila gambuti anakwenda kumlowesha mtoto wake kwenye pipa la sumu ileile!

Wengine wananiambia, "Tumeoga humo miaka mitatu, hatujafa." Sawa. Lakini kichwa kuuma, kizunguzungu, mate kujaa, jasho lisilo na sababu, tumbo kusokota, macho kuona ukungu: haya yote mnayaita malaria. Yakimpata mtu aliyeoga kwenye chombo cha namna hiyo, mtoeni humo, mmwogeshe kwa sabuni na maji mengi safi, mbadilisheni nguo, mkimbie zahanati, na mkamwambie mganga ukweli kuhusu pipa. Kama kipande cha lebo kipo, nendeni nacho.

Hoja moja naikubali: beseni kubwa jipya ni ghali. Basi ogeni kwa ndoo na kopo kama tulivyolelewa. Dumu la njano la mafuta ya kula ukilikata linatosha kumwogesha mtoto. Na wewe mfanyabiashara, kama hujui pipa lilibeba nini, usiliuze. Jirani akidhurika, ni wewe aliyenunua kwako, na kijijini hakuna pa kujificha.

Nikiwa hapohapo kwenye maji ya moto. Tangulizeni maji ya baridi ndipo mwongeze ya moto, maana mtoto hasubiri, anaingia. Maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi kwa sekunde chache, na ya kuogea yasizidi nyuzi 40. Kama huna kipimo, chovya kiwiko: kikistahimili bila kushtuka, yanafaa. Mama mjamzito asijiloweke kwenye maji ya moto sana, na mlevi asiingie kabisa. Maji ya kuoga yakibaki yamwagwe palepale, kwani mtoto mchanga huzama hata kwenye maji ya kina cha kiganja.

Jiko la mkaa lisiingie bafuni kupasha joto. Hewa yake haina harufu wala rangi, na anayelala nayo mlango umefungwa anaweza asiamke. Wenye umeme mnaotumia hita ya kuchovya kwenye ndoo, chomoeni waya ukutani kwanza, ndipo mguse maji. Si kuzima swichi tu. Kuchomoa.

Mapipa na madumu ya sumu mliyonayo msiyachome moto uani, moshi wake nao ni sumu, wala msiyatupe mtoni. Chombo kikiisha shambani, kisuuzeni mara tatu hapohapo, maji ya kusuuzia yaingie kwenye bomba la kupulizia yakaishie kwenye mazao, kisha kitobolewe kabisa kisishike maji tena. Baada ya hapo kifungiwe mbali na watoto, na umuulize aliyekuuzia au afisa ugani wa kata yako vinakusanywa wapi. Yale yaliyokwisha kukatwa yakawa mabeseni, tobolewa ni hayohayo. Msumari mmoja wa moto unatosha, na mimi nikipita kwako nitauliza uko wapi.