GARI NA NYUMBA: Tangi Lenye Kifuniko cha Buluu

Wiki hii tunajibu barua ya bibi mmoja wa hapa Bujumbura, auzaye samaki na mboga. Mumewe alinunua gari dogo la mizigo la dizeli, lililotumika Ulaya kabla ya kuletwa huku, nalo ndilo linalowalisha na kuwasomeshea watoto. Majuma mawili yaliyopita taa iliwaka mbele ya dereva, na maandishi yakasema kwamba zimebaki kilomita 800 kabla ya gari kukataa kuwaka. Fundi mmoja akawapa njia mbili: ama wachanganye mbolea ya yurea na maji ya bomba na kuyamimina tangini, ama wamlipe aukate mfumo huo wote usiwasumbue tena. Bibi huyu anauliza ni njia ipi iliyo nafuu.

Jibu letu, bibi, ni kwamba hakuna hata moja. Lakini si haki kumkataza mtu jambo bila ya kumweleza sababu.

Tangi hilo lenye kifuniko cha buluu si la mafuta. Huwekwa maji ya yurea, ambayo madukani huitwa AdBlue: asilimia 32.5 ni yurea safi, na iliyobaki ni maji yaliyoondolewa chumvi zote. Maji hayo hunyunyizwa ndani ya bomba la moshi. Joto huyageuza kuwa amonia, na amonia ikikutana na hewa ya sumu itokayo katika injini, huigeuza kuwa nitrojeni na mvuke, vitu visivyodhuru. Tangu Septemba 2015, magari yote mapya ya abiria yanayouzwa katika nchi za Umoja wa Ulaya hutakiwa kupunguza hewa hiyo kwa kiwango kikali, na mengi ya dizeli hufanya hivyo kwa njia hii. Ndiyo maana magari hayo, yakisha kutumika huko, hutufikia na tangi la pili.

Gari haliwezi kuzima njiani kwa kukosa maji hayo. Lakini hesabu ya kilomita ikifika sifuri, ukilizima halitawaka tena mpaka ulijaze. Basi msingoje siku ya soko. Jazeni mapema.

Sasa tuiangalie mbolea. Yurea ya shambani hutiwa dawa ili isigandamane, na ina uchafu usiodhuru mahindi bali hudhuru mashine. Maji ya bomba nayo yana chokaa. Vitu hivi huziba nozeli ndogo inayonyunyiza, kisha huharibu kichocheo kilichomo katika bomba la moshi. Kichocheo hicho kikishaharibika hakifuliwi wala hakitengenezwi. Hununuliwa kingine, na bei yake yaweza kumaliza faida ya miezi mingi. Gari dogo hutumia takriban lita 1 hadi 2 za maji hayo kwa kila kilomita 1,000. Dumu la lita 10 lililofungwa vizuri halilingani hata kidogo na hasara hiyo.

Unaponunua, tazama mambo haya. Dumu liwe na alama ya ISO 22241 na tarehe ya kutengenezwa. Huko Ulaya watu huogopa baridi, kwa kuwa maji hayo huganda katika nyuzi 11 chini ya sifuri. Adui yetu sisi ni joto. Yakihifadhiwa katika nyuzi 30 hudumu kama mwaka mmoja, na katika nyuzi 35 nusu mwaka tu. Dumu lililoanikwa juani mbele ya duka usilinunue. Nyumbani liweke kivulini, mbali na watoto. Usitumie mrija uliopitisha mafuta, wala chombo cha shaba au cha chuma cha kawaida. Yakimwagika, osha kwa maji mara moja, maana yakikauka huacha unga mweupe unaokula rangi na nyaya.

Ikiwa mtu amekosea akatia maji ya yurea katika tangi la dizeli, au dizeli katika tangi la yurea, asiguse ufunguo kabisa. Gari livutwe mpaka kwa fundi, na tangi limwagwe na kuoshwa. Injini ikiwashwa, kosa la dakika moja litasambaa katika mabomba yote.

Na kama taa haizimiki baada ya kujaza? Soma kitabu cha gari, kwani magari mengi hayatambui lita moja au mbili. Fungua ufunguo bila ya kuwasha injini, ungoje kidogo, kisha uendeshe kilomita kadhaa. Ikiendelea kuwaka, mwombe fundi aunganishe kompyuta ya kupimia kabla ya kununua kifaa chochote. Huenda ni sensa, pampu, au nozeli iliyoziba kwa chumvi nyeupe. Chumvi hiyo huyeyuka katika maji safi ya vuguvugu.

Imebaki ile shauri ya kukata. Mwaka 2015 ilifichuliwa huko Marekani kwamba kampuni ya Volkswagen ilitia programu ya siri ili magari yake ya dizeli yaonekane safi wakati wa kupimwa tu. Magari yenye programu hiyo yalikuwa kama milioni 11 duniani. Kampuni ililipa mabilioni ya dola, na wakubwa wake wengine wakafungwa. Jambo lililoitwa udanganyifu huko haliwezi kuitwa ufundi hapa. Hewa ile haionekani kama moshi mweusi, lakini huwasha vifua, na wa kwanza kuivuta ni watoto wanaosimama kando ya gari sokoni, wakiwemo wako, bibi.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nunueni dumu moja safi wiki hii, kisha mtuandikie kama taa imezimika.