Muziki wa Majaribio Nao Tuufanye

Wako wenzetu wanaosema muziki wa majaribio ni kelele za wazungu. Hebu! Katika miaka ya 1940 John Cage wa Marekani alitia skrubu kati ya nyuzi za piano ili ilie kama ngoma. Justinian Tamusuza wa Uganda naye alizifanya fidla ziimbe Kiganda, na Kronos Quartet wakamtoa kwenye albamu yao ya 1992.

Na kwetu Tana je? Mwaka wa 1963 wimbo wa Kipokomo wa kumlaza mtoto uligeuzwa wimbo wa taifa, ukapigiwa tarumbeta. Hilo si jaribio?

Piano hatuna, sawa, lakini madebe na ngoma tunazo. Tamasha lijalo tujaribu, hata tukikosa kombe.