KONA YA MAZINGIRA: Mti unapona mbele, ndevu zake zinafuata

Mwezi uliopita tuliongea juu ya moto wa kiangazi. Mtoto mmoja wa darasa la tano akatuuliza: "Mti ukiungua halafu ukachipua, basi vitu vyote vimerudi?" Hapana, mwanangu.

Tuchukue mfano wa California, Marekani, kwenye misitu ya mialoni. Matawini kunaning'inia kitu cha kijani-kijivu kama wavu au ndevu za mzee. Kinaitwa laikeni. Waliotoka pande za Ruwenzori wameona ndugu zake kwenye miti ya mlimani.

Laikeni ni kuvu na mwani vinavyoishi pamoja. Kuvu inajenga nyumba, mwani unapika chakula kwa mwanga wa jua. Haina mizizi wala hainyonyi mti. Inakunywa mvua na ukungu. Kulungu wanaila, ndege wanajengea viota. Tangu 2016 ile ya wavu ni alama rasmi ya jimbo la California.

Sasa moto mkali ukipita, mialoni mingi inachipua tena shinani au matawini. Lakini laikeni ikiungua imekwisha, haina mzizi wa kuchipulia. Lazima itoke kwa majirani: kipande kinakatika, upepo unakibeba, kinanasa kwenye gamba la mti mwingine. Halafu inakua polepole sana.

Utafiti uliochapishwa 2018 ulifanyika huko huko California, kwenye misitu ya milima ya Sierra Nevada. Pale moto ulipoua miti, hata baada ya miaka 16 laikeni zilikuwa bado hazijarudi. Pale moto ulipopita chini chini na miti ikabaki hai, laikeni nyingi zilibaki.

Kumbe mti mmoja mzee uliosalia ndio unaowagawia wengine! Kwa hiyo wazazi, tukisafisha shamba, tufagie majani makavu kwenye shina la mti mkubwa, na tusichome siku ya upepo.

Watoto, kazi yenu: tafuteni mti mzee karibu na nyumbani. Yale mabaka ya kijivu, kijani au njano kwenye gamba, mara nyingi ni laikeni. Hesabuni rangi, ila msibandue. Kilichobanduliwa kwa dakika moja kinaweza kuwa kilikua miaka mingi.

Tukutane mwezi ujao!